Pweza wa mamangu na hedhi ya tatu ya dada yangu

Mara ya kwanza wakwe zangu kuja Tanga mamangu aliamka mapema akaenda soko la samaki la Deep Sea mwenyewe, hakumtuma mtu, akachagua pweza wawili wakubwa, akasimama pale pale wakipigwa mpaka wakalainika, akarudi nao kwenye ndoo. Wakapikwa kwa tui zito, kitunguu thomu, ndimu, bizari kidogo, nyumba nzima ikanukia mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza leo kuna nini. Sasa ikafika saa ya kula, masinia yamewekwa, mamamkwe anamega wali, anachukua kachumbari, anachukua samaki wa kukaanga aliyewekwa pembeni tu kama nyongeza, lile bakuli la pweza analiruka kama halipo. Mamangu akamsogezea. Mama wa watu akatabasamu, akasema "ahsante dada," akaendelea na kachumbari yake.

Usiku ule jikoni palichafuka. "Pweza wangu ana nini? Wanajiona akina nani?" Nikawa sina jibu, mi mwenyewe nilidhani labda tumbo linamsumbua. Mke wangu ndo akaja kutegua kitendawili, kasimama mlangoni na vyombo mkononi, anasema kwa sauti ya chini kabisa: mama, sisi kwetu hatuli pweza, kwetu si halali.

Mamangu ana miaka sitini na ushee, anaamka usiku kuswali, Quran kaihitimisha mara ambazo hata yeye ameacha kuhesabu, na siku hiyo ndo alisikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna Muislamu duniani ambaye kwake pweza ni haramu. Akamuangalia yule binti, akasema: "Kwenu wapi? Nyie si Waislamu?"

Mke wangu ni mtu wa Mombasa, wazee wao walitoka Kachi kule Gujarat, Wasunni kama sisi ila wao ni Wahanafi, wanafuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, na sisi ni Washafii, tunafuata ya Imam Shafii. Na Mhanafi wa baharini anakula samaki tu. Kamba hapo katikati, maulamaa wao wenyewe wanabishana kama ni samaki au si samaki, mamamkwe anakula. Pweza, ngisi, kaa, chaza, hapana. Sisi Washafii tunasoma ile aya ya Suratul Maida inayosema mmehalalishiwa mawindo ya bahari na chakula chake, tunaongeza na hadithi ya bahari kwamba maji yake ni tohara na maiti wake ni halali, tunafunga mjadala tunaomba ndimu. Wahanafi wanasoma aya ile ile, hawaikatai hata herufi, ila wanasema kinachokusudiwa hapo ni samaki, kwa sababu iko hadithi nyingine inayotaja maiti wawili waliohalalishwa, samaki na nzige, na iko aya ya Suratul Aaraf inayosema Mtume anawaharamishia vitu vibaya, na mdudu asiye na mifupa mwenye mikono minane wao wanamhesabu humo. (Kaa usimuingize kwenye ubishi huu, kaa hata sisi Washafii tunavutana, kwa vile anaishi nchi kavu na majini.)

Nimeanza na pweza makusudi, maana huwa nasikia kauli moja inanichosha sana. Kuna kijana mmoja sauti zake zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, anasema Quran iko wazi, tofauti zote hizi zimeletwa na watu wa madhehebu, mtu akisoma Quran na hadithi sahihi moja kwa moja khilafu zitaisha. Anaongea vizuri, ana sauti, watu wanafowadi. Na mi kila nikimsikia namfikiria Abu Hanifa, mfanyabiashara wa vitambaa wa Kufa, aliyefariki mwaka 767, na Imam Shafii aliyezaliwa mwaka huo huo. Hawa watu walikosa kusoma nini jamani? Shafii mwenyewe alikuwa na kauli zake za Iraki, alivyohamia Misri akazibadilisha nyingi, mpaka leo vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vinaandika kauli ya kale na kauli mpya. Mtu mmoja, Quran moja, kichwa kimoja, kauli mbili. Kwa hiyo anayeniambia khilafu imekuja kwa kutosoma, mi naona mambo ni kinyume kabisa, wasiosoma ndo huwa wanakubaliana haraka.

Na hapa pwani tulipata bahati au tulipata shida, sijui niiteje, kwamba tulilelewa na kauli moja. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 tayari aliandika kwamba watu wake ni Washafii. Bahari ile ile iliyoleta tende na kupeleka boriti za mikoko ilituunganisha na Hadhramaut kule Yemen, masharifu na masheikh wakashuka na majahazi wakati wa kaskazi, na Hadhramaut ni Washafii. Kwa hiyo mtoto wa Lamu na mtoto wa Kilwa na mtoto wa Pangani wanasoma kitabu kile kile chuoni, wanaamka alfajiri wananyanyua mikono kwenye dua ya kunuti, hawana habari kwamba Mhanafi wa India haleti kunuti alfajiri na swala yake inaswihi. Ukikua hivyo unadhani Uislamu wenyewe ndo uko hivyo. Unadhani pweza ni halali kama mchana ulivyo mchana.

Babu na bibi yangu walikuwa wanaishi ndani ya neno moja la Kiarabu bila kujua. Bibi akishamaliza kutawadha na babu akawa keshatawadha, kahawa hampi mkononi. Anaiweka kikombe juu ya mkeka, anarudisha mkono, ndo babu anachukua. Nilivyokuwa mdogo nilidhani wamegombana. Kumbe wanalinda udhu, maana kwa Mshafii ngozi ya mume ikigusana na ngozi ya mke wake udhu umetanguka kwa wote wawili, hata kama ni bahati mbaya, hata kama ni ncha ya kidole. Msimu wa jua kali, maji ya kuchota kisimani, huwezi kuchezea udhu wa watu.

Neno lenyewe liko Suratun Nisaa na limerudi tena kwenye Maida, pale Mwenyezi Mungu anapotaja mambo yanayomfanya mtu atayamamu, yaani ajipanguse kwa udongo badala ya kutawadha, akikosa maji: umetoka chooni, au laamastumun nisaa. Mmegusana na wanawake. Sasa kugusana kupi? Masahaba Ibn Masud na Ibn Umar walisema kugusa ni kugusa, mkono, busu, vyote vimo. Ibn Abbas, binamu yake Mtume, akasema hapana, hilo ni fumbo la heshima, Mungu anakusudia tendo la ndoa lenyewe ila analisema kwa staha. Shafii akashika kugusa, Abu Hanifa akashika tendo, Imam Malik akakaa katikati akasema kama kuna matamanio udhu umetanguka, kama hakuna endelea zako. Na juu ya hayo kuna visomo viwili, wengi wanasoma laamastum kwa kuvuta, Hamza na Kisai, maimamu wa visomo, wanasoma lamastum bila kuvuta, na vyote ni visomo sahihi vya Quran. Kisha inakuja hadithi ya bibi Aisha kwamba Mtume alikuwa akiswali usiku na yeye kalala mbele yake, akitaka kusujudu anamgusa miguu aikunje. Mhanafi anasema si mmeona, Mshafii anajibu huenda palikuwa na nguo katikati.

Mi nikiifikiria naona Mswahili ndo angepaswa kulielewa hili kuliko watu wote. Sisi tukisema fulani analala na fulani, nani anafikiria usingizi? Tukisema kamjua mwanamke, ni kumjua jina? Lugha yetu yote imejaa vifuniko vya namna hii. Na upande wa pili tukisema "usiniguse" tunamaanisha usiniguse kweli. Sasa mpe mtu wa baadae, miaka elfu moja na mia nne mbele, sentensi yetu moja bila sisi wenyewe kuwepo, akuambie tulimaanisha ipi.

Hapo ndo nikagundua tatizo la tarjama. Tunazo tarjama za Kiswahili, ya kwanza nzima ilitolewa na mmisionari, Godfrey Dale, mwaka 1923, halafu ikaja ya Waahmadiya mwaka 1953, halafu mwaka 1969 ikatoka nzima ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, ambayo karibu kila nyumba ya pwani ilikuwa nayo kabatini imevikwa kitambaa, na Farsy katika kuiandika alikuwa pia anawajibu hao Waahmadiya. Kila mfasiri akifika kwenye laamastum kalamu yake inasimama. Akiandika "kuwagusa" kamuelekeza msomaji kwa Shafii. Akiandika "kuwaingilia" kampeleka kwa Abu Hanifa. Kiarabu kilikuwa kimebeba yote mawili begani, Kiswahili lazima kitue mzigo mmoja. Na msomaji wa kawaida, yule wa "Quran iko wazi", anasoma neno moja lililobaki anaona kweli, mbona iko wazi tu! Siwalaumu wafasiri, ungefanyaje? Ila mtu akinisomea tarjama ya Kiswahili kama hoja ya kumaliza ubishi, namuuliza kwanza mfasiri alishika upande gani.

Wenyewe Washafii wanajua kauli yao ni nzito. Nenda Makka uone, kwenye tawafu, kule kuizunguka Kaaba, mamilioni ya watu wanaume kwa wanawake bega kwa bega, na tawafu inataka udhu. Ungekuwa unarudi kutawadha kila ukiguswa ungemaliza Hija hujazunguka mara saba. Kwa hiyo masheikh wengi wa Kishafii wanawaambia mahujaji wao kabisa, hapa shikeni kauli ya Abu Hanifa. Babu alivyorudi Hija mwaka ule alimuhadithia bibi jambo hili kwa mshangao, na bibi alicheka, akasema basi kule ningekupa kahawa mkononi. Waliporudi kwenye maisha yao kikombe kikarudi kwenye mkeka.

Nilipokwenda Muscat, Oman, kumtembelea kaka yangu, mtaa anaokaa Kiswahili kinaongewa mpaka dukani, nikaona niko nyumbani, Magharibi ikaingia nikaenda msikiti wa jirani. Imamu kamaliza Fatiha, mi kwa mazoea ya miaka yote nikavuta "Aaamiin" la Tanga, la kifua kizima. Peke yangu! Msikiti mzima kimya, mikono yao imeshuka ubavuni, ya kwangu imefungwa, mtoto mmoja wa miaka kama sita kageuka kuniangalia. Ni Waibadhi, madhehebu ya Waomani wengi, hawaitikii amin kwenye swala, na mwisho wanatoa salamu moja. Nilijua kwa kusoma, nikasahau kwa ulimi. Baada ya swala mzee mmoja akanipa mkono akaniuliza "wa wapi wewe, Unguja?" nikamwambia Tanga, akasema "aah," kama vile hiyo imeeleza kila kitu.

Mwezi sitauzungumzia sana kwa sababu kila Ramadhani tunauzungumzia mpaka tunachokana. Kwetu mdogo wangu anafuata Makka, mi nasubiri uonekane kwetu, kwa hiyo kuna miaka mi nimefunga siku ya mwisho na yeye yuko sebuleni na tambi za Idi. Anayetaka kujua khilafu hii imeanza lini asome hadithi ya Kuraib iliyoko kwenye kitabu cha hadithi cha Imam Muslim: alitoka Sham, upande wa Syria alikotawala Muawiya, walikouona mwezi usiku wa Ijumaa, akafika Madina akakuta wenzake wameuona usiku wa Jumamosi, akamuuliza Ibn Abbas kwani hautoshi mwezi wa Muawiya? Akajibiwa hapana, hivi ndo alivyotuamrisha Mtume. Na hata hilo "hivi" watu wakaligombania, hivi vipi? Mdogo wangu anajua hadithi hii vizuri kuniliko, na ana jibu lake, na tambi huwa ananibakishia.

Haya yote, pweza, kikombe, amin, tambi, unaweza ukayacheka. Nilikuwa nayacheka mpaka yalipomfika dada yangu.

Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja. Mumewe walikorofishana kwenye simu, mambo ya hela, jamaa akapandwa na hasira akamwambia nimekuacha talaka tatu. Mara moja, kwa pumzi moja, akakata simu. Asubuhi yake analia anataka mkewe. Tanga hatuna mahakama ya kadhi yenye nguvu za serikali kama wenzetu wa Kenya au Zanzibar, kwa hiyo ukipata jambo unazunguka kwa masheikh. Sheikh wa kwanza, mtu mzima, tunamheshimu, akasema ndoa imekwisha, tatu ni tatu, hawezi kumrudia mpaka aolewe na mwingine, huyo mwingine aishi naye, aachane naye kwa mapenzi yake. Na hakusema uongo, madhehebu manne yote msimamo wao unaojulikana ndo huo.

Wa pili alikuwa kijana wa Answari Sunna, wale ambao kwetu wazee wanawasema wakali, wanakataza maulidi, wanakataza hitima, kila kitu bidaa. Sijui nani alimpa wazo dada yangu aende kule. Yule kijana akamfungulia Muslim akamuonyesha Ibn Abbas anasema zama za Mtume, na za Abubakar, na miaka miwili ya mwanzo ya Umar, talaka tatu za mara moja zilikuwa zinahesabiwa moja, akamwambia aya inasema talaka ni mara mbili, mara na mara, haiwezi kuwa mara moja ikaitwa tatu, na hii ndo kauli ya mwanachuoni Ibn Taymiyya, na Misri waliiweka kwenye sheria tangu mwaka 1929. Kwa hiyo umeachwa moja, kaa eda, mumeo akitaka akurejee ndani ya eda. Yule mkali wetu ndo aliyelegeza. Nimeishi na chuki ndogo na watu wale tangu walipomzomea marehemu mwalimu wangu kwa kusoma Barzanji, na siku ile ilibidi niimeze.

Mumewe akafurahi kweli kweli. Ila hakuja. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, anatuma salamu. Amekuja mwezi wa tatu, na mjomba wake, na mfuko wa matunda, anasema nimekurejea. Dada yangu yuko ndani, siku ya pili ya hedhi yake ya tatu.

Aya ya eda inasema wanawake walioachwa wangoje quruu tatu. Quruu, Waarabu wenyewe wanalitumia kwa hedhi na wanalitumia kwa tohara baina ya hedhi mbili, neno moja kwa vitu viwili vinavyopingana. Wahanafi wanasema hedhi, kwa hiyo eda inaisha hedhi ya tatu ikikatika. Shafii akasema tohara, kwa hiyo eda inaisha pale hedhi ya tatu inapoanza tu. Katikati ya kauli hizi mbili kuna siku kama tano sita, na ndani ya siku hizo mwanamke kwa Abu Hanifa bado ni mke wa mtu, na kwa Shafii ni huru tayari. Jamaa kaja na maparachichi yake akaingia ndani ya siku hizo hizo.

Dada yangu alishauliza. Alikwenda kwa bibi mmoja anasomesha wanawake, bibi akamuuliza umeona damu lini, akahesabu kwa vidole, akamwambia eda yako imekwisha kwa madhehebu yetu, akikutaka sasa ni posa mpya, mahari mapya na ridhaa yako. Akatoka sebuleni na mtandio wake akayasema hivyo hivyo. Mjomba wa mume akaruka. Mnachanganya! Mmeenda kwa Answari kuokoa ndoa, sasa mmerudi kwa Shafii kumkimbia mume, huku ni kuokoteza madhehebu, ni talfiki, haifai. Na kwa kweli mzee alikuwa na hoja, talfiki maulamaa wameipigia kelele karne na karne.

Dada yangu akamwambia taratibu tu: "Sawa baba. Basi twende na Shafii mwanzo mpaka mwisho. Kwa Shafii tatu ni tatu, huyu hata posa hana."

Mjomba akakaa. Mamangu, aliyekuwa kanyamaza muda wote kwenye kona yake, akauliza kama kuna mtu anataka chai.

Baadae nilimuuliza dada nini kilimuuma zaidi kwenye yote yale. Nilidhani atasema ile simu. Akasema kilichomuuma ni kwamba kasoma chuoni miaka tisa, kahifadhi juzuu tano, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba hilo neno lina maana mbili. "Walinifundisha kutawadha usiguswe. Hili langu wakaniwekea kwenye tarjama limeshachaguliwa."

Mahari aliyoyataja siku ile siyaandiki hapa. Jamaa alisema anakwenda kujipanga. Mwaka wa pili huu, bado anajipanga, na lile parachichi moja lililobaki kwenye mfuko mamangu alilipanda nyuma ya jiko limeanza kutoa majani.